Sajini Hataki Mpira

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Siku kubwa! Bwana Tomlin na Memsabu wameondoka asubuhi kwenda Malindi kwa wiki mbili. Wanakimbia baridi ya Ruiru. Kabla ya kuingia garini Bwana alituita makarani wote mbele ya stoo ya kahawa. Akasema karani mkuu anastaafu mwezi huu, na funguo za stoo zinataka mwenyewe, pamoja na nyumba ya mawe anayokaa. Kisha akamvuta Sajini mbele yetu. Sajini ni mbwa wake. Mkubwa, rangi ya chai ya maziwa, macho ya mtu aliyefiwa.

Bwana akasema mtu anayeweza kuaminiwa na mbwa anaweza kuaminiwa na funguo. Akauliza nani atamtunza. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikamwambia mimi Nzau nimekulia na mbwa, nawajua mbwa kama ninavyojua kuandika. Uongo mdogo. Kwetu mbwa mmoja tu, na aliniuma.

Simeon Gathogo alicheka puani. Huyu ni karani wa mizani. Anapima buni ya wachumaji na kujiona kama anapima dhahabu. Ana kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Naye anaitaka ile nyumba, ingawa mkewe na watoto wako Githunguri na hawana nia ya kuja huku.

Memsabu alinipa mpira wa tenisi. Akasisitiza kwamba kila jioni lazima mpira urushwe, Sajini asikose mchezo wake. Nikaahidi watamkuta anaruka kama mwana mbuzi.

Nyumba ya mawe! Ina chumba cha nje chenye mlango wake. Hicho ndicho ninachokitaka kuliko funguo zenyewe. Mke wangu Kalondu hajapata nguvu tangu ajifungue. Mtoto wetu Ndila analia, mama yake naye analia. Mama mkwe anakuja kesho kutoka Kangundo kumsaidia. Na sisi tuna chumba kimoja tu hapa laini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Kwetu Wakamba mwanamume hakai chini ya paa moja na mama mkwe. Hamtazami machoni, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Ndiyo haya yetu ya ukwe. Kwa hiyo kesho natoka mimi na kitanda changu, tunakwenda kwa Barasa, fundi wa mashine ya kahawa. Barasa hana mke. Ana mkoromo.

Nikiipata nyumba ya mawe, mama mkwe atakaa chumba cha nje hadi mtoto atembee. Nimemwambia Kalondu ahesabu jambo hilo limekwisha. Alitabasamu kidogo. Mbwa ni nini? Mbwa anacheza tu.


Jumanne, 5 Agosti

Mbwa hachezi.

Nilimpeleka kwenye nyasi karibu na meza za kuanikia kahawa. Nikarusha mpira, mrusho mzuri kabisa. Sajini aliutazama unavyokwenda, kama mtu anayetazama gari la moshi ambalo halimhusu. Kisha akakaa.

Nikamweleza kwa Kiingereza, maana ni mbwa wa Kizungu. Nikamweleza kwa Kiswahili. Nikamweleza kwa Kikamba, polepole. Akalala.

Nikaona labda hajaelewa kazi yenyewe. Nikaukimbilia mpira mwenyewe na kuuleta. Alionekana kupendezwa. Nikarusha tena, nikauleta tena. Mara ya tatu niliuleta kwa mdomo, ili aone vizuri.

Ndipo wanawake wa kuchuma kahawa walipotokea, wakiongozwa na Waithira, nyapara wao. Wakasimama wote. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo palipoumiza. Waithira aliniuliza kwa upole mwingi kama mke wangu anajua.

Sikuweza kujibu. Mpira ulikuwa mdomoni.

Kabla sijautoa nikamwona mama mkwe anakuja na njia ile ile! Kiondo mgongoni, kamba ya kiondo kipajini, kuku mkononi. Niliruka katikati ya miti ya mikahawa, mpira bado mdomoni, nikachuchumaa. Akapita. Sajini akainuka, mara ya kwanza leo kuinuka kwa hiari yake, akamfuata. Mkia ukicheza! Wamekwenda pamoja hadi nyumbani kwangu, wakaingia, mlango ukafungwa.

Nina aibu. Hata hivyo siku ya kwanza haihesabiwi.


Jumatano, 6 Agosti

Tatizo. Mbwa yuko ndani na mama mkwe, nami siruhusiwi kuingia penye mama mkwe. Nimefungiwa nje ya kazi yangu.

Jioni nilisimama nyuma ya migomba nikapiga mluzi. Kalondu akatoka na mtoto. Akasema mama anauliza ni mchungaji gani huyo aliyepoteza mbuzi. Nikamwomba anisukumie mbwa nje. Akarudi ndani, akatoka tena peke yake. Mbwa hatoki. Ameweka kidevu juu ya mguu wa mama mkwe.

Kalondu anasema hakuna mchezo wowote wanaocheza. Mama mkwe anasokota kamba za mkonge kwa ajili ya kiondo chake, mbwa analala juu ya mkonge. Mama mkwe akihama kufuata jua, mbwa naye anahama. Chakula anakula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, kama mtu wa Kangundo, na bakuli analilamba.

Zile nyama za kopo alizoachiwa Sajini na Memsabu ziko kwangu. Nimeonja moja. Barasa naye ameonja. Baadaye kila mtu alitazama upande wake.

Si mbaya.


Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata jibu: harufu! Mbwa anamkumbuka bwana wake. Akinusa harufu ya Bwana atacheza.

Nilikwenda kwa Tobias, mpishi wa nyumba kubwa, nikamsumbua hadi akaniazima koti kuukuu la Bwana, lile la tumbaku. Alisema nisilivae barabarani. Nikamwambia mimi si mtoto.

Mama mkwe alikuwa ndani akimwogesha Ndila. Sajini alilala kizingitini peke yake. Nikamkaribia kwa mwendo wa Bwana: tumbo mbele, mikono nyuma. Akainua kichwa. Mkia ukapiga chini. Pa! Moyo wangu nao ukapiga. Nikarusha mpira huku nikipiga kelele kwa sauti ya Bwana.

Sajini alinusa mkono wa koti. Akashusha pumzi ndefu. Akalala tena.

Wakati huo huo mtu akanikamata ukosi kwa nyuma. Munyao, askari wa shamba, mzee wa kwetu. Alikuwa ameliona koti kutoka mbali, akasimama wima na kulipigia saluti. Kisha nikageuka akaona kichwa changu. Aliniuliza nimeiba wapi, lakini nadhani kilichomuudhi hasa ni ile saluti. Hakuweza kuirudisha, na watu wa laini walikuwa wamemwona.

Alinipeleka hadi kwa nyapara mkuu wa shamba nikiwa ndani ya koti. Watu wakatoka milangoni kututazama. Kina Gathogo wakawaeleza wasiojua. Tobias alikuja kueleza kwamba ameniazima, akalichukua koti la Bwana bila kunitazama usoni.

Leo nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimelala mapema. Barasa ameanza mkoromo mapema pia.


Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika haraka, maana kalamu yenyewe inaona haya.

Baada ya ibada, watu wamesimama nje ya kanisa, Gathogo akaniuliza mbele ya mwalimu wa kanisa na kwaya nzima mbwa anaendeleaje. Ningesema yuko salama. Maneno mawili! Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema anacheza hadi ananichosha. Ukasema anaudaka mpira hewani. Ukasema asiyeamini aje Jumamosi jioni kwenye meza za kahawa ajionee.

Gathogo akasema atakuja. Mwalimu akasema jambo kama hilo hajawahi kuliona, naye atakuja. Waithira akasema atawaleta wanawake wa kuchuma.

Nilirudi nikitazama viatu vyangu njia nzima. Mbona siwezi kunyamaza? Mama yangu alikuwa akiniuliza hivyo hivyo.


Jumanne, 12 Agosti

Sina haki ya kuitwa baba wa mtu.

Asubuhi nilipanda lori la magunia hadi Thika. Nilikuwa na mpango mzuri sana. Kwa mchinjaji karibu na maduka ya Wahindi nilinunua mafuta ya mkia wa kondoo, na nilipofika nikaupaka mpira mafuta hadi ukang'aa. Kalondu akamtoa Sajini nje kwa hila ya bakuli.

Nikarusha. Akanusa hewani. Akakimbia! Nilimwona kwa macho yangu Sajini akikimbia! Niliruka, nikapiga makofi, nikamwita kila aliyekuwa karibu aje aone.

Alipoufikia mpira alilala chini, akaushika kwa miguu ya mbele na kuula.

Nilimvuta taya. Nilikuwa nimechelewa. Jioni akaanza kutapika na kutetemeka, hakuinua hata sikio. Nilikaa chini ya migomba nimeshika kichwa. Mbwa akifa funguo zimekufa, nyumba imekufa, na mama mkwe atarudi kwao amwache Kalondu na hali ile. Wiki iliyopita mke wangu alianguka akichota maji. Hayo sikuyaandika kwa sababu yananitisha.

Kupitia mlangoni niliona kichwa cha Sajini kimewekwa mapajani mwa mama mkwe. Anamnywesha maji ya mizizi kwa kijiko, kidogo kidogo, kama anavyomnywesha bintiye uji. Niligeuza macho haraka, maana sitakiwi kumtazama. Lakini si haya ya desturi tu iliyonigeuza.


Alhamisi, 14 Agosti

Mzima! Jana alitoa vipande vya mpira, leo amekula muthokoi. Nilitaka kumshukuru mama mkwe, lakini siwezi kusema naye. Nikamtuma Kalondu. Kalondu akarudi na kusema mama ameuliza mtu wa namna gani humlisha mbwa mpira. Nikauliza yeye amemjibu nini. Kalondu akasema alimwambia mama yake kwamba yeye hamjui mtu huyo.

Amenisitiri. Nimejiapiza kuacha upuuzi.

Lakini Jumamosi inakuja, na kwaya inakuja. Sina njia.

Tobias amenipa mpira mwingine uliokuwa umeviringika chini ya kiti cha Memsabu tangu zamani. Una kipara upande mmoja. Mpango ni huu: kamba nyembamba itafungwa kwenye ukosi wa Sajini. Ncha moja anaishika Barasa, aliyejificha kati ya mikahawa na kipande cha nyama choma. Kamba ya pili inatoka ukosini hadi kiunoni mwangu, chini ya koti langu. Nikirusha mpira, Barasa anavuta: mbwa anakwenda. Navuta mimi: mbwa anarudi. Kwa mbali hakuna atakayeona kamba. Nimemwonyesha Barasa kwa kuchora mavumbini. Anasema anaelewa, lakini anapenda kujua nyama ni yake au ya mbwa.

Kamba yenyewe? Kalondu alikuwa amelala. Nilipitisha mkono dirishani wakati mama mkwe yuko kwenye bomba la maji, nikachukua mikunjo yote ya mkonge aliyokuwa amesokota tangu aje.

Nitairudisha Jumamosi usiku. Kuazima si kuiba.


Jumamosi, 16 Agosti

Mungu wangu.

Watu walikuja wengi kuliko wanaokuja kanisani. Mwalimu alipewa kigoda. Gathogo alisimama mbele kabisa na kalamu zake zote mbili. Kalondu, ambaye hakujua lolote, alimleta Sajini kwa bakuli la muthokoi. Nikafunga kamba kwa siri, nikajinyoosha, nikatoa maneno machache juu ya subira na malezi ya mnyama. Kisha nikarusha mpira.

Barasa akavuta. Sajini hakusimama. Alikwenda amekaa vile vile, makalio chini, anaburutwa kuvuka nyasi na kuacha njia nyuma yake. Mwalimu akapiga makofi, nadhani alifikiri ndivyo mbwa wa Kizungu wanavyocheza. Waithira alisema kwa sauti kwamba kwao Gatundu mbwa hutumia miguu. Nikavuta mimi. Sajini akarudi, amekaa bado.

Hapo mama mkwe akatokea kwenye njia. Alikuwa akiitafuta kamba yake! Ameuliza mlango kwa mlango nani amechukua mkonge wa mgeni. Sajini alimwona. Na yule mbwa mzee, mbwa wa kulala, mbwa asiyejua mpira, akaondoka kama risasi.

Mimi nilikuwa nimefungwa kiunoni.

Nilipiga hatua chache nikiwa mtu, baadaye nikawa mzigo. Barasa naye alitokea mikahawani ameng'ang'ania ncha yake, nyama mdomoni, akiuliza kama ndio wakati wa kuvuta. Nilipita mbele ya mwalimu kwa tumbo. Nilipita mbele ya Gathogo. Nilinyoosha mikono nishike chochote, na nilichoshika, nilipoacha kuburutwa na kuinua macho, kilikuwa kifundo cha mguu wa mama mkwe wangu.

 Wakamba wote waliokuwepo walishika midomo. Mzee Munyao alivua kofia kama yuko matangani. Mama mkwe alijifunika uso kwa shuka lake. Mimi sikuweza kujifunika, kamba zilikuwa zimenizonga mikono. Sajini alilala katikati yetu, ameridhika kabisa, ulimi nje.

Mama mkwe alishusha shuka kidogo, akaitazama ile kamba. Akaitambua.

Nilimtazama Gathogo nikitegemea angalau acheke. Hakucheka. Alikuja na kisu chake kidogo akanikata kamba, akanisimamisha na kunipangusa vumbi. Nitalikumbuka hilo muda mrefu kuliko kila kitu.


Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Alfajiri Mzee Munyao alikuja kwa Barasa na wazee wengine wawili wa kwetu. Wakasema mwanamume aliyemgusa mama mkwe hana la kueleza, ana la kulipa: mbuzi mmoja na blanketi moja, mbele ya mashahidi. Akishalipa, haya ile inafungwa. Wawili hao wanaweza kusemezana na kutazamana kama watu.

Mbuzi wangu mmoja yuko kwa mjomba, Kilimambogo. Nilikwenda kwa basi la asubuhi kupitia Thika, nikarudi naye. Njia yote kutoka stesheni ya Ruiru alirukaruka, akanigonga magoti, akakimbilia kila jiwe lililoviringika. Mbuzi anacheza, mbwa hachezi. Nilikaribia kulia.

Blanketi nilitoa langu, lile jekundu. Nilikabidhi vyote viwili mlangoni pangu. Mama mkwe, Syombua binti Mbaluka, akapokea, akajitanda blanketi mabegani papo hapo, kisha akanitazama. Mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye! Ana macho yale yale ya Kalondu.

Aliniita mwanangu. Aliniuliza mbwa amenikosea nini. Nikamwambia Memsabu ameamuru acheze. Akasema mbwa huyu ni mzee, nyonga zinamuuma asubuhi, anachotaka ni mtu wa kukaa naye tu. Kisha akaniuliza kwa nini sikuomba kamba, angenipa.  Nilitazama sakafu, si kwa desturi.

Nimekula nyumbani kwangu leo. Muthokoi, moto, na mtoto mapajani. Sajini alilala juu ya mguu wangu, labda kwa kukosea. Kalondu aliposimulia nilivyopita mbele ya mwalimu kwa tumbo alicheka hadi akashika mbavu. Sijamsikia akicheka tangu ajifungue. Nimeona aibu na furaha kwa pamoja, na nimejifunza. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kweli tupu.


Jumatatu, 18 Agosti

Bwana amerudi.

Sote tulijipanga mbele ya nyumba kubwa. Kalondu alisimama kwenye ua wa michongoma na mtoto, mama yake kando, blanketi jekundu begani. Nilimshika Sajini ukosi. Memsabu alimbusu usoni. Bwana akaomba mpira. Nikatoa ule wenye kipara. 

Bwana akarusha. Sajini akautazama, akakaa. Nikafumba macho nikisubiri nifukuzwe kazi.

Nilipofumbua, Bwana mwenyewe alikuwa anatembea nyasini, tumbo mbele, mikono nyuma. Aliufikia, akainama kwa taabu, akauokota. Akarudi, akarusha tena, akaufuata tena. Memsabu alitueleza kwa fahari kwamba Sajini hajawahi kuleta mpira maishani mwake. Daktari ndiye aliyeamuru mpira, kwa ajili ya tumbo la Bwana. Lakini Sajini hupenda kuutazama ukipita, ndiyo sababu yeye Memsabu hakutaka akose.

Hupenda kuutazama! Wiki mbili mbwa amecheza mchezo wake wote vizuri, mimi ndiye sikujua.

Bwana alimpapasa mbavu. Akasema amenona, manyoya yanang'aa, hajamwona na uchangamfu huu miaka mingi. Akaniuliza nani kafanya kazi hii.

 Kalondu ananitazama. Mama mkwe ananitazama, sasa ana ruhusa. Ningegeuka tu, nionyeshe kidole.

Nikasema ni mimi, Bwana. Peke yangu. Nikaongeza kwamba sikulala usiku.

Bwana akafurahi, akasema basi nimwite. Nikaita kwa Kiingereza. Nikaita kwa Kiswahili. Nikaita kwa Kikamba, sauti ikikatika. Sajini aliinuka taratibu kwa sababu ya nyonga zake, akanipita kama anayepita nguzo, akaenda hadi kwenye ule ua na kulala miguuni mwa mama mkwe.

Bwana akamuuliza Gathogo yule mama ni nani. Gathogo alisema ni mama mkwe wa Nzau, ndiye aliyemtunza mbwa, na mbwa alipougua ndiye aliyemponya. Angeweza kutaja koti. Angeweza kutaja mpira ulioliwa, kamba, nyama za kopo. Hakutaja hata kimoja.

Bwana alinitazama kwa masikitiko tu, hakuwa na hasira. Alisema funguo alikuwa amekwisha kusudia kunipa mimi, tangu kabla ya safari. Lakini mtu anayemdanganya juu ya mbwa atamdanganya juu ya kahawa. Akampa Gathogo. Nyumba nayo.

Tulirudi laini. Kalondu alimhamishia mtoto bega la upande wa pili, mbali na mimi. Nimekaa kwa Barasa na kulia kwa aibu, nami ni mtu mzima, karani, nimesoma hadi darasa la nane.


Jumanne, 19 Agosti

Mama mkwe anafunga kiondo chake. Ameona mkwewe hawezi kulala kwa jirani siku zote, na chumba ni kimoja. Atapanda basi Jumamosi. Kalondu amegeukia ukutani, hali chakula.

Asubuhi mama mkwe aliniita nje. Alisema kuomba hakumpunguzi mtu urefu. Nikamwambia nimesikia, mama.

Saa sita Gathogo alinifuata stoo, funguo kiunoni, zinalia akitembea. Aliongea kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. Alisema nyumba ya mawe ni kubwa kwa mtu mmoja. Chumba cha nje hakihitaji. Mama anaweza kukaa humo hadi mtoto atembee, na mbwa amtembelee, Bwana amekubali tayari. Nipite tu kwake jioni nimwombe kwa maneno yangu mwenyewe, yaishe kati yetu.

Nilimwambia nitafikiri.

Nimefikiri mchana kutwa. Kumwomba Gathogo! Mimi! Mwenye kalamu isiyo na wino! La. Iko njia bora, na nashangaa sikuiona mapema. Sajini anamfuata mama mkwe popote aendapo. Kwa hiyo kosa lilikuwa la mrushaji, si la mbwa. Mama mkwe akirusha mpira, Sajini ataufuata. Akiufuata, atauleta. Bwana akiona mbwa wake analeta mpira, jambo ambalo hajaliona maishani, atamnyang'anya Gathogo funguo siku hiyo hiyo.

Jioni imefika, sikupita kwa Gathogo. Nimeona taa yake ikiwaka dirishani, nikazunguka nyuma ya mashine ili asinione.

Zimebaki siku za kutosha kabla ya basi. Mkono wa kulia wa mama mkwe una nguvu, nimemwona akitwanga. Kesho alfajiri naanza kumfundisha kurusha.